Yale ambayo sikuweza kumwandikia Mama

Leipzig, Ujerumani

Kwa dada yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Huku sote wazima, alhamdulillahi, ila baridi tu.

Umeniambia umezikuta barua zangu za zamani ndani ya kasha la Mama, za tangu 1986, ukazisoma zote usione hata neno moja la sala. Ukaniuliza kama Mama alifariki akiamini nimeiacha dini. Swali hilo limeninyima usingizi, dada.

Sikuandika kwa sababu hii ilikuwa Ujerumani Mashariki ya kikomunisti wakati ule, na barua zilikuwa zikifunguliwa. Tulilijua wote na hakuna aliyelitamka. Kusali hakukuwa kosa kisheria, lakini mimi nililetwa na serikali kujifunza ufundi wa mitambo, na nilichelea kurudishwa. Nilisali bwenini, nikikisia kibla kwa jua, na Mvietnamu niliyekaa naye chumba kimoja akiuegemea mlango mpaka nitoe salamu. Hakuwa wa dini yetu. Hakuwahi kuniuliza kitu.

Tarehe 9 Oktoba 1989, Jumatatu, nilikuwa mjini. Kila Jumatatu saa kumi na moja jioni watu walikuwa wakisali kanisa la Nikolai kuombea amani, na siku ile walipotoka wakakuta barabara zimejaa waandamanaji. Watu 70,000, wengine wameshika mishumaa, na askari wamejipanga. Nilisimama pembeni, nasoma Ayatul Kursiy kimoyomoyo. Risasi haikupigwa. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguka. Mimi Mwislamu wa Kikwajuni, Unguja, niliyekulia chini ya maghorofa waliyotujengea Wajerumani hawahawa, nakwambia nilichokiona usiku ule kilikuwa dua iliyojibiwa.

Furaha haikudumu. Tarehe 1 Julai 1990 fedha yao ikaondolewa, ikaingia marki ya Ujerumani Magharibi. Mishahara ikabadilishwa marki moja kwa marki moja, na wateja wa viwanda katika nchi za kikomunisti wakashindwa kulipa fedha hiyo ngumu. Kiwanda chetu kikafungwa. Wafanyakazi wengi wa kigeni walipewa marki 3,000 na tiketi ya kurudi kwao. Mwaka uliofuata, mji wa Hoyerswerda, vijana walishambulia mabweni ya Wavietnamu na Wamsumbiji huku majirani wakishangilia. Miezi ile nilikuwa sitoki baada ya sala ya Magharibi. Haya pia sikumwandikia Mama, na hili la pili silijutii.

Biashara nilitaka, mtaji sina. Benki ilitaka riba, na mimi nilikuwa nimeshajiwekea nadhiri kwamba kama Mola amenivusha katika yale, sitoanza maisha mapya kwa riba. Yule Mvietnamu ndiye aliyenitoa. Wao wana mchezo wa kupokezana fedha kama wetu, wanauita họ. Mwengine huwa na nyongeza kama riba. Yeye akakusanya watu wanane tucheze wa sawa kwa sawa, na zamu ya kwanza akanipa mimi. Yeye akafungua duka la maua, mimi nikafungua la viungo mtaa wa Eisenbahnstrasse: iliki, mdalasini, karafuu zetu. Bia sikuuza hata siku moja. Wapo walioniambia duka bila bia mtaa ule halimalizi mwaka. Kodi ya pango ilinielemea mara nyingi, kuna miezi tuliyokula mchele na dengu tu, lakini deni la riba sina mpaka leo.

Sasa kuna misikiti hapa, na Ijumaa nafunga duka saa nzima bila kujificha. Rafiki yangu yule akiwa karibu hukaa mlangoni na kuwaambia wateja wasubiri. Mazoea ya zamani.

Nimetuma fedha za hitima ya Mama. Siku hiyo, kabla hamjaanza kisomo, nenda kaburini umsomee barua hii. Taratibu, usiruke pale pa mlango.

Wasalaam,
Mdogo wako