Vikundi vya ushonaji vifundishwe kumalizia mifarishi ya viraka, si kuianza tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie vikundi vya ushonaji, ambavyo kila uchao vinahimizwa kutumia mabaki ya vitambaa badala ya kuyatupa. Himizo hilo ni jema, ila lina kasoro moja: linaishia pale pale kazi inapoanza kuwa ngumu. Hapa Njombe, ambako baridi ya mwezi wa sita hadi wa nane haina mzaha, nimekuta katika vikundi kadhaa viraka vya vitenge vilivyounganishwa kwa ustadi mkubwa, rangi zikiwa zimepangwa zikapangika, lakini vimekunjwa na kufungiwa sandukuni kwa sababu hakuna aliyefundishwa namna ya kuvifanya mfarishi, yaani kifuniko kinene cha tabaka tatu, wa kujifunikia. Ukikigeuza kitambaa hicho upande wa nyuma utaona kingo za kila kiraka zimekwisha kuanza kutoa nyuzi, na kwa hali hiyo kikifuliwa mara chache tu mishono itafumuka, na jasho la mshonaji litakuwa limekwenda bure.

Mabaki yenyewe hayana uhaba. Jioni, mafundi wanapofagia vibanda vyao, salfeti hujaa vipande vya vitenge, bitana na vitambaa vya sare za shule, na vingi huishia kuchomwa nyuma ya soko au kuwashia jiko la mkaa. Kuunganisha vipande hivyo nako si kazi ya kumshinda mtu aliyekwisha kujua kushona sketi. Kinachokosekana ni maarifa ya yale yanayofuata, yaani kuweka tabaka la kuhifadhi joto katikati, kuzishona tabaka zote tatu zishikamane, na kufunga ukingo.

Kuhusu tabaka la katikati, wengi hukimbilia sufi kwa kuwa ndiyo waliyoizoea kwenye mito. Sufi ni nyepesi na ina joto, lakini nyuzi zake ni fupi na zinateleza, hazishikani. Ndani ya kitu kipana kama mfarishi hukimbilia pembeni na kufanya mabonge, na tena haipendi maji. Nionavyo mimi, sufi ibaki kwenye mito. Blanketi jembamba kuukuu, hata lenye matundu mawili matatu yaliyozibwa, linafaa zaidi, kwa sababu linakaa mahali pake. Kwa upande wa chini, doti moja ya kanga zilizochakaa inatosha kabisa: kanga moja ina takribani sentimita 150 kwa 110, na zikiunganishwa mbili kwa upande wake mrefu hupatikana kitambaa cha sentimita 150 kwa 220, ambacho hufunika kitanda cha futi nne kwa sita na kuning'inia kidogo kila upande. Wapo wanaoona vibaya kanga ya mama kugeuzwa bitana. Mimi naona heri maneno yake yasomeke chini ya mfarishi kuliko kanga hiyo kuwa tambara la kupigia deki.

Kazi hukwama hasa katika kuzishona tabaka hizo pamoja. Mshonaji anaziweka chini ya cherehani kama anavyoweka gauni, kisha anashangaa kuona bitana imetangulia, uso wa viraka umebaki nyuma, na mikunjo imejaa kila upande. Sababu yake ni kwamba meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini wakati mguu wake unakikandamiza cha juu, na kadiri mzigo unavyokuwa mnene ndivyo tabaka hizo zinavyoachana. Dawa yake ni kupiga bandi kabla ya kuigusa cherehani: bitana itandazwe sakafuni na kuvutwa ikaze, blanketi liwekwe juu yake, kisha viraka, halafu mishono mirefu ya muda ipigwe kuanzia katikati kuelekea pembeni, ili hewa na mikunjo visukumiwe nje. Baada ya hapo sindano ibadilishwe, iwekwe namba 16 au 18, na hatua ya mshono irefushwe. Asiye na cherehani ashone kwa mkono, mishono midogo iliyonyooka, akiwa na kastabini kidoleni. Itachukua jioni nyingi, lakini kazi hiyo hudumu. Na kabla ya yote hayo kila kitambaa kifuliwe na kupigwa pasi, maana kitenge kipya hutoa rangi na kuruka, yaani kusinyaa, na kiraka kinachoruka baada ya kushonwa huvuta vile vya jirani.

Ukingo nao una uzushi wake. Tumezoea kuambiwa kwamba utepe wa kufungia lazima ukatwe hanamu, yaani kimshazari, jambo linalokula kitambaa kingi na kuwakatisha tamaa wanaoanza. Hanamu inahitajika pale ukingo unapopinda, kama kwenye kishikio cha sufuria cha duara. Mfarishi wa pembe nne unafungwa vizuri tu kwa utepe ulionyooka, ambao waweza kuungwa kwa vipande vifupi vifupi vilevile vilivyobaki.

Lakini ipo njia nyingine, Mhariri, ambayo ndiyo hasa iliyonisukuma kuandika. Katika jimbo la Karnataka nchini India wanaishi watu waitwao Wasidi, wazao wa Waafrika waliopelekwa huko karne nyingi zilizopita, wengi wao wakitoka upande huu wetu wa mashariki. Wanawake wa Kisidi hushona mifarishi ya nguo kuukuu inayojulikana kama kawandi, na utaratibu wao ni kinyume kabisa na huu wetu wa kuunganisha viraka vyote kwanza na kufikiria mengine baadaye. Hutandaza kitambaa cha chini, mara nyingi sari iliyochakaa, wakaanzia ukingoni: ukingo hukunjwa, kiraka cha kwanza hukunjwa na kushikizwa papo hapo, kisha mishono ya mkono huzunguka mfarishi mzima, kiraka baada ya kiraka, ikielekea katikati. Mshono uleule unaoshika kiraka ndio unaoshikamanisha tabaka. Kwenye pembe huweka vipande vidogo vilivyokunjwa, ambavyo huviita ua, na kwa macho yao mfarishi usio na maua hayo haujakamilika.

Tazama faida yake kwa kikundi kisicho na meza kubwa wala umeme. Hakuna utepe wa kukata, kwa kuwa ukingo ulikwisha kufungwa siku ya kwanza. Hakuna kitambaa cha viraka cha kufungia sandukuni kikisubiri mtaalamu, kwa kuwa kila sehemu iliyoshonwa imekwisha kumalizika. Wanawake watatu au wanne wanaweza kuketi kila mmoja upande wake na kukutana katikati. Sisemi tuache cherehani. Nasema mtu anayeanza afundishwe njia hii kwanza, ya cherehani imfuate.

Vipande visivyotosha hata kiraka navyo vina kazi, ila hapa yanafanyika makosa ya hatari. Vishikio vya sufuria vinavyouzwa kwa bei ya chini sokoni mara nyingi hushonwa kwa kitambaa chochote, na vitambaa vingi vya siku hizi vina nailoni au poliesta, ambazo zikikutana na sufuria iliyotoka motoni huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Kupima ni rahisi: chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo, uzichome juu ya sahani ya bati. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunyata, huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Ya pamba ndiyo ya vishikio na aproni. Ile nyingine ipelekwe kwenye mifuko ya sokoni, ambayo mahitaji yake yapo tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Juni 1, 2019, au ikatwekatwe iwe ya kujazia, ndani ya bitana ya pamba, kapu la kupikia, lile ambalo sufuria ya maharage yaliyokwisha kuchemka huzamishwa ndani yake na kuendelea kuiva kwa joto lake lenyewe bila kuongeza mkaa. Kwa wanaonunua mkaa kwa kopo, sijui kazi ya mikono iliyo na manufaa ya haraka kuliko hiyo.

Wapo watakaosema viraka ni alama ya ufukara na hakuna atakayevinunua. Mwaka 2002, jumba la makumbusho la sanaa la Houston, Marekani, lilifanya maonyesho ya mifarishi ya wanawake weusi wa Gee's Bend, kijiji cha wakulima huko Alabama, ambao walikuwa wakiishona kwa nguo za shamba zilizochakaa ili watoto wao wasipigwe na baridi. Kazi ile haikuandaliwa kwa ajili ya maonyesho. Ilikuwa imelaliwa na kufuliwa, na bado ilikuwa imeshikamana.

Rai yangu inazihusu halmashauri, ambazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Maombi ya vikundi vya ushonaji karibu yote hutaja cherehani, na cherehani hununuliwa. Afisa maendeleo ya jamii anapokwenda kukagua asitosheke kuonyeshwa viraka vilivyounganishwa. Aombe kitu kimoja kilichokamilika, akigeuze, auvute ukingo wake, aulize kimefuliwa mara ngapi. Kikundi kisichokuwa nacho kisinyimwe mkopo kwa sababu hiyo, bali sehemu ya fedha ilipe mwalimu wa kumalizia kabla ya kununua cherehani ya pili au ya tatu.

Nawe, Mhariri, ukiweza kuchapa katika toleo la mwisho wa wiki vielelezo vya hatua za kupiga bandi na za kushona kuanzia ukingoni, hata kwa robo ukurasa, vipo vikundi vingi visivyo na mwalimu ambavyo vitakata ukurasa huo na kuubandika ukutani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu wa sayansikimu,
Njombe.