Kiwiko changu hakikutoa damu

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuandika neno, lakini taarifa yenu ya Jumatano kuhusu ajali viwandani imenishinda kunyamazia. Mmehesabu vidole vilivyokatwa na mikono iliyoungua. Sisi ambao mikono ipo kamili lakini haishiki kitu, hatumo.

Nimeshona sare za shule miaka 14 katika kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam. Kwenye ovaloki, cherehani ya kufunga kingo za kitambaa, kiwiko kinakunjwa kutwa na kuegemea ukingo wa meza, na hapo nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, mshipa wa fahamu umepita juu ya mfupa ukiwa umefunikwa na ngozi tu. Ndio ule ukijigonga unapigwa shoti hadi vidoleni. Wangu ulianza kwa ganzi ya usiku, kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete. Nikaenda zahanati mara nne. Mara zote nne nikaambiwa ni baridi yabisi, nikapewa diklofenaki, dawa ya maumivu, na hakuna aliyekishika kiwiko changu. Nilipoangusha mkasi mbele ya msimamizi, akasema nimelewa usingizi. Nafika hospitali ya rufaa, nyama kati ya gumba na kidole cha shahada imeshabonyea. Nimepasuliwa. Daktari amenieleza mshipa huota kama milimita moja kwa siku, kwa hiyo kutoka kiwikoni hadi kiganjani ni karibu mwaka, na nyama iliyosinyaa huenda isirudi. Mwajiri amekataa kupeleka madai yangu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, eti hakuna ajali iliyotokea! Sheria ya Fidia ya mwaka 2008 inataja magonjwa yatokanayo na kazi pamoja na ajali.

Na shule nazo ziache kubadili rangi za sweta mwezi Desemba. Wazazi wanaagiza wiki ya mwisho, Januari watoto wanarudi darasani, katikati hapo sisi tunakesha.

Kila meza ya cherehani ifungwe sponji ya inchi mbili ukingoni, na kila saa mashine zizimwe dakika tano watu wanyooshe mikono. Zahanatini, kabla ya kuandika diklofenaki, mgonjwa afumbe macho, aguswe kidole cha mwisho kwa pamba, aulizwe kama amesikia.

Mshonaji,
Temeke