Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mtwara

Ndugu wanachama, asalaam aleikum. Bwana asifiwe.

Ada zimechelewa kama kawaida, zikingoja minada ya korosho. Hesabu atawasomea mhazini. Kuwatembelea wagonjwa hakukukatika hata masika, ingawa Tandahimba tulifika tumelowa chapachapa. Waliokwenda Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, kwa matibabu, kila mmoja alikuwa na wa kumsindikiza.

Kilichokula vikao vyetu mwaka huu ni zile chupa za "kuongeza kinga". Wauzaji wanadai kinga ya mwili ikipanda, uvimbe wa saratani unanywea. Simlaumu mtu: mimi mwenyewe nilimnunulia marehemu dada yangu chupa tatu. Ndipo tukamwomba muuguzi mwenzetu atufundishe. Nayarudia hapa kwa sababu wengi siku ile mlishatoka kwenda kula.

Uvimbe mchanga hauna mishipa yake ya damu. Ukifika milimita 1 au 2 unakwama, maana oksijeni haifiki katikati. Mwaka 1971 daktari Mmarekani, Judah Folkman, alitoa hoja kwamba hauwezi kuendelea kukua mpaka uvute mishipa mipya, wengi walimpuuza. Watu wa Newala mtanielewa upesi: juu kule mji haupanuki mpaka maji yapandishwe kutoka bondeni.

Na nani anautandikia uvimbe mabomba? Seli zake zikikosa hewa hutoa protini iitwayo VEGF, inayoamsha mishipa ya jirani ichipue. Ila hupata vibarua, na vibarua hao ni askari wetu wenyewe. Makrofeji ni seli za kinga zinazokula vijidudu na kusafisha vidonda. Ukijikata panga shambani, ndizo zinazosaidia kuita mishipa mipya ili nyama ijae, kisha kazi inakoma. Uvimbe hujifanya kidonda, kidonda kisichofunga. Makrofeji zinaitwa, zinahamia humo, zinamwaga VEGF zaidi. Hutoa pia vimeng'enya vinavyoachia VEGF iliyokuwa imenasa kwenye nyuzi zilizo kati ya seli na seli. Neutrofili, seli nyingine za kinga, nazo hufanya hivyo.

Mishipa yenyewe ni kazi ya fundi mlevi: imepindapinda, inavuja. Dawa hazifiki sawasawa, na seli T, zile seli za kinga zenye uwezo wa kuua saratani, zinapata shida kupenya. Kwa hiyo anayeniambia anauza kinga, namuuliza: ipi? Ya wanaopigana, au ya wanaomchotea adui maji?

Zipo dawa zilizotokana na elimu hii. Bevasizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, huikamata VEGF. Mwaka 2020 huko huko ilipitishwa itumike pamoja na atezolizumabu, inayozifungulia seli T, kwa saratani ya ini. Inaweza kupandisha presha na kuchelewesha vidonda kupona, basi msitoke hapa mkaiulizie duka la dawa. Hiyo ni ya daktari wa saratani.

Kamati inaleta maazimio mawili. Kwanza, chupa hizo zisiuzwe kwenye mikutano yetu, hata na mwanachama (anajijua). Pili, kila anayemsindikiza mgonjwa amtajie daktari chochote anachokunywa mgonjwa huyo nyumbani, mizizi ikiwemo, bila aibu.

Wanaoafiki la kwanza, nyoosheni mikono. Katibu, hesabu.