Kabla hujazirudisha zile pedeli

Arusha, Jumapili jioni

Elia ndugu yangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Huku sote wazima, wasiwasi wangu ni goti lako tu. Unasema umepanda Machame kwa baiskeli siku mbili mfululizo, goti la kulia limeanza kuuma kwa ndani, na sasa unataka kuzitoa hizi pedeli mpya zinazobana kiatu, urudishie za kawaida, na kumpa mtu viatu ulivyovihangaikia vile pale soko la Memorial. Nakuomba usubiri kidogo. Nimeona nikuandikie badala ya kukueleza kwa simu, kwa sababu mambo haya inabidi uyasome huku kiatu umekipakata.

Lipumzishe goti kwanza wiki nzima. Likivimba, au likiuma hata ukitembea tu, nenda hospitali kabla ya kushika spana yoyote. Kama linauma ukiwa juu ya baiskeli tu, basi karibu nina hakika shida iko chini ya soli.

Kwenye pedeli ya kawaida mguu hujisogeza wenyewe. Ukichoka unaugeuza kidogo, na wala hujui kama umeugeuza. Kwenye hizi mpya, kile kipande cha chuma chini ya kiatu, kliti, ndicho kinachoamua mguu uelekee wapi. Ukizungusha mara 80 kwa dakika, saa moja ni mizunguko 4,800. Kliti ikikaa upogo kidogo tu, goti linasokotwa mara zote hizo. Wewe uliniambia uliifunga ikiwa imenyooka sawasawa na kiatu. Nani alikwambia miguu yako imenyooka?

Fanya hivi. Kaa kwenye ukingo wa meza, miguu ining'inie, uilegeze kabisa. Tazama vidole vinaelekea wapi. Vyangu vinatazama nje, na wa kulia umezidi wa kushoto. Huo ndio mwelekeo kliti inaotakiwa kuufuata, kila mguu kwa namna yake. Kisha vaa viatu, upapase lile fundo la mfupa nyuma ya kidole gumba, halafu la nyuma ya kidole kidogo. Bandika selotepu ubavuni mwa kiatu, pande zote mbili, uweke alama ya kalamu kwenye kila fundo. Alama hizo mbili hazitalingana, ya kidole kidogo itakuwa nyuma zaidi. Ekseli ya pedeli ipite katikati ya alama hizo. Wengi huiweka kliti mbele mno, na wewe nahisi ni mmojawapo, maana ulilalamikia pia misuli ya nyuma ya mguu. Ukiirudisha kliti kuelekea kisigino, misuli ile na kano ya kisigino hupata nafuu, na hata ule moto wa unyayoni baada ya saa mbili hupungua.

Kila kliti yako inafungwa kwa skrubu mbili za alenki (ule ufunguo wa pembe sita) namba 4. Kabla hujazilegeza, zungushia kliti mstari kwa kalamu ya wino usiofutika, ili ukipotea ujue pa kurudi. Sogeza milimita 2 tu kwa mara moja, na ubadilishe kitu kimoja, mahali au mwelekeo. Usivibadilishe vyote siku moja, hutajua kipi kilichokusaidia. Halafu panda sehemu tambarare, ukisikiliza mguu. Hizo pedeli zako za SPD, aina ya Shimano, zinauachia mguu mchezo wa kama digrii 4 kabla hazijafunguka. Ukiwa unaendesha, kisigino kiweze kucheza kidogo ndani na kidogo nje. Kama kila mara kinagota upande mmoja, mguu unaomba kwenda huko na kliti inaukatalia.

Na kiti pia kipime upya. Soli ya viatu hivi si nene kama ya raba zako, na pedeli nayo ina kimo chake, kwa hiyo urefu wako kutoka kwenye kiti umebadilika hata kama kiti hukukigusa.

Sasa springi. Geuza pedeli utazame nyuma ya kila taya, yaani ile sehemu inayobana kliti, utaona kibolti cha alenki namba 3 chenye alama ya kujumlisha na ya kutoa. Ziko taya nne kwa jumla, mbili kila pedeli. Zilegeze zote hadi mwisho wa kutoa, kisha ukiongeza hesabu mlio, tak, tak, ulinganishe zote nne. Mafundi wengi hukaza wakidhani ndiyo usalama. Kwa anayejifunza ni kinyume chake, mguu unatakiwa utoke bila kupigana nao. Zipo pia kliti za SH56, zinazoachia mguu hata ukiuvuta pande nyingine, tofauti na SH51 ambazo lazima ugeuze kisigino nje. Ukizipata, chukua hizo.

Kuna jambo sikuwahi kukusimulia. Mwaka wangu wa kwanza, siku ya soko pale Tengeru, nilipunguza mwendo kumpisha mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani. Nikageuza kisigino nje kama kawaida. Kiatu kikageuka, pedeli haikuachia. Nikageuza tena, kiatu kikazunguka juu ya kliti kama mlango kwenye bawaba. Nilianguka ubavu mzima kwenye lami, na gari la abiria lilikuwa nyuma yangu. Dereva alishika breki, namshukuru Mungu na namshukuru yeye. Nilitoa mguu soksi tupu, kiatu kikabaki kimeng'ang'ania pedeli. Skrubu moja ilikuwa imedondoka njiani, na ile moja iliyobaki haiwezi kuizuia kliti isizunguke, kwa hiyo nguvu yote ya kugeuza inapotea hapo. Tangu siku hiyo sitoki bila kuzigusa skrubu zote nne kwa alenki. Ziwekee grisi kidogo kwenye nyuzi zake, zikaze sawasawa, nyutonimita 5 hadi 6 kwa mwenye spana ya kipimo, na baada ya safari ya kwanza uzikaze tena, kwa sababu kliti hujikita kwenye soli na skrubu zikalegea.

Ule udongo mwekundu wa kwenu wakati wa masika ukikauka ndani ya taya unakuwa kama tofali. Usitumie maji ya presha, yanasukuma uchafu hadi kwenye gololi. Mswaki wa zamani, kijiti, maji kidogo. Ikikauka, tone moja la oili kwenye springi na pale kliti inaposhikwa na taya, kisha futa, maana oili iliyobaki inakamata vumbi. Vichwa vya skrubu mimi huvijaza nta ya mshumaa, mchanga usiingie. Siku ya kufungua nauchokoa kwa pini na alenki inaingia yote. Kliti ikianza kuchomoka yenyewe ukivuta mlimani, imeisha, badilisha zote mbili kwa kufuata ile mistari ya kalamu.

Shika pia pedeli uitikise. Ikicheza au ikikwaruza, gololi zinaomba grisi. Kuitoa, ya kushoto ina nyuzi za kinyume, usije ukaivunja. Njia rahisi ya kukumbuka: spana ikiwa imesimama juu, pande zote mbili unafungua kwa kuisukuma kuelekea nyuma ya baiskeli.

Uliniuliza kwa nini zinaitwa zisizo na klipu wakati zinabana. Zamani wapanda baiskeli walivaa klipu za chuma na mikanda vidoleni. Kampuni ya Look ya Ufaransa ilichukua wazo la kufunga viatu vya kuteleza kwenye theluji, na mwaka 1985 Bernard Hinault akashinda Tour de France akiwa na pedeli hizo. Klipu zikaondoka, jina likabaki.

Jumamosi ijayo nakuja Moshi na basi la asubuhi, nitabeba alenki zangu na lile kopo la grisi. Usiguse kitu kwenye kliti ya kulia kabla sijaiona. Tukimaliza kufunga tutapita barabara ya TPC, kwenye mashamba ya miwa, kule ni tambarare, taratibu tu, nikiwa nyuma yako nikitazama goti linavyokwenda. Msalimie mama.

Rafiki yako,
Josephat