Barua ya wazi kwa Ami aliyetundika udi

Ami yangu,

Shikamoo. Huku Langoni, Lamu, sote wazima, ila punda wa jirani, ambaye siku hizi analia saa nane za usiku kama anayedaiwa. Nakuandikia mbele za watu kwa sababu simu unanikatia kila nikitaja kompyuta, na kwa sababu nawe uliyoyasema uliyasema mbele za watu.

Unaikumbuka ile harusi. Kijana wa kinanda alikuwa amefungua sauti mpaka vikombe vya kahawa vinatetemeka kwenye sinia. Ukasikiliza beti mbili, ukatia tasbihi mfukoni, ukaniambia, "Mashine haiyui robo." Basi, hukuongeza neno. Wiki ile ile ukautundika udi wako wa nyuzi ukutani, ukavuka bahari hadi Mokowe, ukapanda basi la Malindi kwenda kukaa kwa binti yako. Udi ungali pale pale. Uzi mmoja umekatika wenyewe, sikuugusa.

Nilikasirika, Ami, kwa kuwa kinanda kile mimi ndiye niliyekikodi.

Lakini ulisema kweli. Niwaeleze na wengine wanaosoma, ambao hawakulelewa barazani kwako. Kinanda cha kawaida hugawa safari ya kutoka do hadi do ya juu katika hatua 12 zilizo sawa. Mafundi huipa kila hatua senti 100 (ndiyo, senti, kama zile zisizonunua hata pipi), jumla 1200. Ukiimba rasti (mpangilio mmoja wa noti za Kiarabu) kuanzia do, noti ya tatu haiko kwenye 300 wala kwenye 400. Iko huko katikati, jirani na 350. Hiyo ndiyo robo yako, na kinanda hakina kitufe hapo. Mpigaji ama aende kushoto atoe huzuni isiyoombwa na mtu, ama aende kulia atoe wimbo wa chekechea. Shingo ya udi ni tupu, haina vigawanyo kama gitaa, kwa hiyo kidole hukaa kinapotaka. Ulikuwa ukituwekea kanda za marehemu Zein l'Abdin, mpiga udi mzaliwa wa papa hapa Lamu, na kutuuliza, "Hapo, hapo, mmesikia?" Nasi watoto tunaitikia ndiyo ili tupewe kashata. Vinanda vya Kiarabu vyenye robo vipo, najua. Lakini kwa bei yake mtu auze mashua.

Sasa sikiliza. Rafiki niliyesoma naye alinijulisha shindano moja la wanamuziki wanaotumia sintesaiza za bure. Kila mwezi huchaguliwa sintesaiza moja, yaani programu inayozalisha sauti ndani ya kompyuta, na kila anayeingia hutunga wimbo kwa hiyo moja tu. Ngoma, besi, zumari, vyote vitoke humo. Huruhusiwi kuingiza sauti uliyoirekodi nje, hata ya kupiga kofi. Kisha watu husikilizana na kupeana alama. Mimi nililiona kama mchezo wa kirumbizi: bakora za wote ni sawa, kilichobaki ni mkono wako.

Mwezi niliojiunga mimi ilikuwa zamu ya Surge XT. Zamani ilikuwa bidhaa ya kuuzwa, kazi ya Claes Johanson, mpaka mwaka 2018 alipoutoa wazi msimbo wake (maandishi yanayoiunda) chini ya leseni huru ya GPL, na watu wa kujitolea wakaipokea wakaiendeleza. Najua utauliza, cha bure kina kasoro gani? Hapa lugha yetu inatuokoa. Waingereza wana neno moja kwa bure na kwa huru, ndiyo maana wamekesha miaka wakielezana. Sisi tuna mawili. Programu hii ni bure, sawa, lakini la maana ni kwamba ni huru: naweza kuifungua nione ndani, kuibadilisha, na kumpa binamu nakala bila ya kuwa mwizi.

Nasema mwizi kwa kuwa nina la kuungama. Kuna fleshi niliyoletewa zamani na rafiki, yenye programu ya fedha nyingi "iliyokwisha vunjwa kufuli". Iliingia na virusi, na virusi vikala rekodi zote za harusi ya dada, nawe ukiwamo unapiga udi. Nilipokuambia kuwa chumvi ya bahari imeharibu mashine, nilikudanganya. Nisamehe.

Turudi kwenye kazi. Chapuo, ile ngoma ndogo, ilikuwa nyepesi: unachukua wimbi laini lisilo na pambo, unaliangusha kutoka juu hadi chini kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, nalo linakuwa ngozi. Vugo lilinikalisha usiku tatu. Pembe ya nyati ikigongwa kwa kijiti ina ukavu ambao sikuupata mpaka nilipotumia njia aliyoigundua John Chowning huko Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1967, ya kuliacha wimbi moja lilitikise jingine kwa kasi zisizolingana. Vigelegele navyo nilivitoa kwa kuichezesha noti ya juu haraka haraka. Mama akachungulia mlangoni akauliza nani anaoa.

Udi ndio ulionishangaza. Surge XT ina kizalishi cha uzi, na asili ya njia hiyo ni ufundi ambao Kevin Karplus na Alex Strong waliuchapisha mwaka 1983. Hakuna uzi wowote humo, Ami. Kuna kelele fupi tu, "shh" ya punje moja ya wakati, inayotiwa katika kitu kama kichochoro chetu kile chembamba nyuma ya msikiti. Inazunguka, inarudi, na kila ikirudi makali yake yamepungua kidogo, kama sauti inavyolainika ikigonga kuta za mawe. Ikizunguka mara 131 kwa sekunde unasikia do ya chini. Kifupishe kichochoro, noti inapanda. Mara ya kwanza nilipobonyeza, nilitazama ukutani kuona kama ni udi wako umeanguka.

Kisha ikaja robo. Programu hii hukubali uipe skeli yako mwenyewe, yaani mpangilio wako wa noti, kwa faili la mtindo wa Scala, programu ya kupangia noti. Faili lenyewe ni maandishi matupu: mstari wa kwanza maelezo, wa pili idadi ya noti, halafu noti moja moja na senti zake. Nikaandika noti 12 kama za kinanda chochote, ila noti ya tatu na ya saba, “mi” na “si”, nikazirudisha nyuma senti 50 kila moja, 350 na 1050. Nikabonyeza mi. Sikusikia udi wala robo, nilisikia mkwaruzo. Nikasema Ami kashinda.

Kumbe ni nukta! Senti lazima ziandikwe na nukta, 350.0. Ukiiacha, faili husomwa kama uwiano, na mimi niliiagiza noti ilie kwa kasi mara 350 ya do, juu huko wanakosikilizana popo. Nikatia nukta kwenye 350 na kwenye 1050. Nikapiga do, re, mi.

Sitakueleza nilivyosikia. Nitakueleza tu kwamba nilirudia noti tatu zile mpaka umeme ukakatika, na sikuwa nimehifadhi chochote.

Wimbo niliupeleka kwa wakati. Alama nilizopata ni za katikati, si aibu wala si sherehe. Mmoja aliandika kwa upole kwamba kazi ni nzuri ila kinanda changu kina vitufe viwili vibovu, mi na si. Mwingine, wa Uturuki, hakusifu wala hakulaumu, aliuliza tu ile ya tatu nimeiweka senti ngapi. Nikajua huyu naye ana ami.

Swali lake ndilo lililoniharibia usingizi, maana 350 niliichukua kwa kuwa ni nambari nzuri ya katikati. Nani kasema ni yetu? Kwenye sanduku la khalti nilipata kanda yako moja, ile yenye maandishi ya wino wa kijani. Nikaiingiza kwenye kompyuta nikapima kidole chako, noti kwa noti. Ukipanda, ya tatu yako inakaribia 360. Ukishuka, inalegea hadi 340 na kitu. Kwa hiyo hata robo si moja, nami nilikuwa nimeibandika pahali pamoja kama swichi ya taa. Nimeandika mafaili mawili sasa, la kupanda na la kushuka, nayabadilisha katikati ya wimbo. Ni kazi ya punda, lakini inakaribia.

Pana mahali pamoja pananishinda. Ubeti wa tatu, kabla waitikiaji hawajaingia, unasimama kwenye noti ambayo haiko kwenye 340 wala 360. Iko chini zaidi, na unaishikilia. Nimeirudia labda mara hamsini. Siwezi kujua kama ni makusudi au ulikuwa na kikohozi, kwa sababu baada yake unasikika ukikohoa.

Nimetia wimbo mpya kwenye fleshi (safi hii, nimeikagua), na dereva wa basi la asubuhi kaahidi kuifikisha dukani kwa mkwe wako. Usiusikilize kwa simu ya binti yako, spika yake ni kopo. Kaa na ile redio yako kubwa, uipeleke mpaka dakika ya pili, halafu unipigie uniambie jambo moja tu: nipandishe au nishushe?

Na nyuzi za udi nimekwisha agiza Mombasa, seti nzima. Nizifunge mimi huku, au nikuletee udi Malindi uzifunge mwenyewe?

Mwanao wa Langoni