Jumamosi makumbusho ya sanaa, nani yumo?

Jamani habari zenu, ile ishu ya makumbusho ya sanaa iko palepale Jumamosi, tukutane getini saa nne asubuhi kabla watu hawajajaa. Tunaanza gorofa ya juu kwenye maonyesho ya picha za kuchapwa kwa ubao maana hizo ndo zinaondoka, karatasi haivumilii mwanga, wanazitundika miezi mitatu minne hivi halafu zinarudi stoo gizani zipumzike, ndo maana hata taa mle ndani ni hafifu, lux 50 tu (lux ni kipimo cha mwanga), sasa msianze kulalamika eti umeme mdogo 😂 subirini macho yazoee. Mara nyingi kila rangi inachongewa ubao wake, ukisogea karibu utaona mahali rangi imeteleza kidogo ikavuka mstari, mi hapo ndo napapenda kuliko picha yenyewe. Flashi hapana. Begi la mgongoni mlivae mbele au mliache kaunta. Mchana kuna maongezi na msanii, sanamu za chuma tutaziona tukibaki na nguvu. Anayekuja aweke dole hapa leo leo, nipeleke idadi tupate mtu wa kututembeza.