Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wazazi wa watoto wenye mifupa dhaifu, Kigoma

Ndugu wanachama, wazazi, walezi, na ninyi bibi zetu mlioondoka Kasulu na Buhigwe alfajiri,

Asanteni kwa kufika. Mahesabu atayasoma mhazini. Mimi niseme tu kwamba waliolipa ada ni wachache kuliko wanaonipigia simu usiku.

Mwaka huu nguvu zetu nyingi zimekwenda kwenye jambo moja: mzazi aaminiwe. Mnaijua habari ya wenzetu wa Ujiji. Mtoto aligeuka kitandani, paja likavunjika. Kwenye kituo walichokimbilia, picha ikaonyesha na mivunjiko ya zamani iliyokwisha kuunga, baba mtu akatolewa nje kuhojiwa kama mpigaji. Simlaumu aliyeuliza. Wapo watoto wanaopigwa kweli, na mivunjiko mingi lazima iulizwe. Kinachoniuma ni kwamba mama naye alizuiwa kumgusa mwanawe, na anayejua kumshika ni yeye. Wakamnyanyua kwa makwapa.

Kwa wanachama wapya: ugonjwa huu madaktari wanauita osteojenesisi impafekta, na humpata takriban mtoto 1 kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Mara nyingi kasoro iko kwenye jeni za COL1A1 au COL1A2, zinazoelekeza mwili kutengeneza kolajeni, protini inayoupa mfupa uimara. Mzazi anaweza kumrithisha mwanawe, lakini pia kasoro huweza kuanzia kwa mtoto mwenyewe, wazazi wote wakiwa wazima. Kwa hiyo yale maneno ya ukoo wa mama kuwa na laana, naomba yaishie leo. Baadhi ya watoto weupe wa macho yao huwa na rangi ya samawati. Huo nao si uchawi. Dagaa wetu wana kalsiamu, tuwape watoto, ila hawaponyi. Na kuchuliwa, hapana. Hilo sitalijadili.

Baada ya mkasa ule tulimwomba daktari wa mifupa aandike barua kwa kila mtoto: ugonjwa wake, sehemu zilizowahi kuvunjika, namna ya kumshika. Maelezo ya kumshika aliyatoa mama wa Ujiji: kiganja kimoja chini ya makalio, vidole vimetanuliwa, kingine nyuma ya mabega na kichwa. Usimvute mkono. Ukimbadilisha nepi, usimwinue kwa kushika vifundo vya miguu. Aliyetupitishia rasimu alitaka sehemu hiyo ifupishwe, mama akagoma, na mimi nikamuunga mkono. Miezi michache baadaye mkono wa mtoto ulivunjika. Mama aliufunga kwa banzi la boksi la sabuni na kipande cha kanga, akaenda na barua mkononi. Safari hii muuguzi alimuuliza, “Mama, tumshikeje?”

Kuhusu matibabu nitakuwa mfupi. Dawa za dripu, pamidroneti na zoledroneti, huongeza uzito wa mfupa lakini haziondoi ugonjwa. Kabla ya dripu kalsiamu na vitamini D hupimwa, na dozi ya kwanza huweza kuleta homa, msishtuke. Upasuaji wa kuweka vyuma ndani ya mifupa mirefu umetupeleka MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Hapo ndipo tunapokwama. Kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, ile ya Sh 30,000 kwa kaya ya watu sita, iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Nauli ya treni, chakula na malazi ni juu ya mzazi, kwa hiyo kamati inapendekeza nusu ya ada zote iwe ya safari. Mtapiga kura leo.

Mei 6, siku ya kimataifa ya ugonjwa huu, tulivaa njano. Wanachama wa Simba walinung'unika kuvalishwa rangi ya Yanga, lakini walivaa.

Shuleni bado. Walimu wakuu wawili wamekataa kuwapokea watoto wetu kwa kuogopa lawama wakivunjika. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa watoto hawa haki ya kusoma, na katibu ameitoa nakala. Kila mzazi mwenye mtoto wa kuanza darasa la kwanza achukue nakala hiyo pamoja na barua ya daktari, aifikishe shuleni kabla ya kufunguliwa Januari. Akikataliwa asigombane, anipigie. Nitakwenda naye mpaka kwa ofisa elimu.